Magunia Kumi ya Mahindi kwa DAC Moja?

Nimepotea kidogo, msinilaumu. Kazi za watu zilinibana, na ukichanganya na mambo ya kuvuna huku kwetu Uasin Gishu, mtu anajikuta mwezi umekwisha hajaandika hata mstari mmoja. Leo nimepata nafasi, na ninataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, hasa nyinyi mliohama kutoka kaseti na CD kwenda kwenye mafaili. DAC ni kitu gani? Ni lazima kuwa nayo? Na kama ni lazima, ya bei gani inatosha?

Nimelipa swali hili uzito kwa sababu mwaka huu liliingia nyumbani kwetu likiwa na bei imebandikwa juu yake: shilingi 35,000.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Ana miaka 74 na macho yamepungua nguvu. Gazeti hasomi tena, na televisheni anaisikiliza kuliko anavyoitazama. Kilichobaki cha kumchangamsha jioni ni redio na nyimbo zake za zamani. Ana amplifaya ya siku nyingi, sanduku jeusi lenye kitufe kikubwa cha kuzungusha sauti, na spika mbili za mbao alizonunua tukiwa bado watoto. Kaseti zake nilizihamisha kuwa mafaili miaka kadhaa iliyopita kabla deki haijazitafuna zote. Sasa mafaili yako kwenye tarakilishi, spika ziko sebuleni, na hiyo amplifaya haijui USB wala Bluetooth. Katikati panahitajika daraja, na daraja hilo ndilo DAC.

Tukaenda naye mjini (samahani, jijini! Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, tuzoee). Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alitoa kisanduku cha chuma kinachong'aa, chenye kioo kidogo mbele, akasema, "Mzee, hii ni ya biti 32. Ukishasikiliza hii, hizo nyingine utagawa bure."

Baba akauliza bei. Akaambiwa. Akanigeukia: "Hayo ni magunia mangapi?"

Tulikuwa tumeuza mahindi kwa shilingi 3,500 gunia la kilo 90. Kwa hiyo magunia kumi. Ukipenda, ihesabu kwa mbolea: kwa bei ya ruzuku ya mwaka 2024, shilingi 2,500 mfuko wa kilo 50, hiyo ni mifuko 14. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ndiyo itanirudishia nyimbo zangu, tulipe."

Nikamwomba, "Baba, nipe wiki mbili kwanza." Akakubali. Haya ndiyo niliyoyapata ndani ya wiki hizo mbili.

Kwanza, DAC inafanya nini?

Faili la muziki ni orodha ndefu ya namba. Kwenye CD ya kawaida kuna namba 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto, na nyingine 44,100 kwa ya kulia, kila moja ikiwa na biti 16. Spika haijui namba. Spika inajua umeme unaopanda na kushuka, unaosukuma karatasi yake mbele na nyuma. DAC ni kigeuzi kinachosoma namba na kutoa umeme unaolingana nazo. Basi. Hakuna uchawi.

Sasa angalia nyumbani kwako. Simu yenye tundu la spika za masikioni ina DAC. Televisheni ina DAC. Wufa unayoichomekea flashi ina DAC. Kispika cha Bluetooth kina DAC. Huenda una tano au sita bila kujua. Kwa hiyo anayekwambia "huna DAC" anakuuzia kitu. Swali la maana ni hili: iliyopo ina kasoro gani, na kasoro hiyo inasikika?

Zamani kigeuzi kizuri kilikuwa kitu cha kuringia. Sony walipoanza kuuza mashine ya CD ya CDP-101 huko Japani tarehe 1 Oktoba 1982, ilikuwa ya yeni 168,000. Wenzao wa Philips walikuwa na chipu ya biti 14 tu. Ili kuifikisha karibu na ubora wa biti 16, waliiendesha kwa kasi mara nne ya kawaida na kuisukumia kelele yake juu, mbali na masafa tunayosikia. Mbinu hiyo, pamoja na miaka zaidi ya 40 ya kupunguza bei za chipu, imetufikisha mahali ambapo kigeuzi kizuri kuliko zile mashine za 1982 kinaenea ndani ya kichwa cha waya. Siongezi chumvi. Twende kwenye namba.

Hesabu ya ukimya

Kila biti inakupa takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa. Biti 16 zinakupa kama 98. Hiyo ndiyo CD.

Kaseti ya kawaida, ile isiyo na mfumo wa kupunguza mvumo, inatoa kati ya desibeli 50 na 60 hivi. Maana yake nyimbo za mzee wangu, hata nikizihifadhi kwa biti 24, zina habari ya biti tisa au kumi. Kilichobaki juu ya hapo ni mvumo wa kaseti uliorekodiwa kwa uaminifu mkubwa.

Halafu kuna sebule yenyewe. Chumba tulivu cha mjini kina kelele ya desibeli 30 hadi 40. Ukicheza muziki hadi 90, tayari ni wa kumfanya jirani agonge ukuta. Toa moja kwa nyingine, unabaki na 50 au 60. Na nyumba zetu nyingi hapa ni za mabati. Kuanzia Aprili hadi Agosti mvua ya Eldoret inapoamua kunyesha saa tisa mchana, hata mtu aliye kando yako unamwinamia sikioni.

Sasa linganisha na adapta ndogo ya Apple, ile ya USB-C inayoishia kwenye tundu la milimita 3.5. Kule Marekani Apple wameiuza kwa dola 9 kwa miaka mingi, yaani kama shilingi 1,160 kwa dola ya shilingi 129. Amir Majidimehr wa Audio Science Review, ambaye kazi yake ni kupima vifaa hivi kwa mashine za maabara, aliipima akapata uwiano wa sauti dhidi ya kelele na upotoshaji wa karibu desibeli 99. Hiyo ni CD nzima, imo ndani ya kitu chenye uzito wa sarafu mbili tatu. Vigeuzi vya mezani vya dola 100 na zaidi hufika 110 au 120. Ni kazi nzuri ya uhandisi, nawavulia kofia. Lakini tofauti hiyo inakaa chini ya mvumo wa kaseti, chini ya kelele ya sebule, na chini kabisa ya mabati.

"Lakini mimi nasikia tofauti!"

Najua. Hapa ndipo wapenzi wa muziki hugombana, basi tuende taratibu.

Mwaka 2007, Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES, jaribio moja la kuvutia. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakawachezea watu mara zikiwa zenyewe, mara zikiwa zimepitishwa kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD. Msikilizaji hakujua ipi ni ipi. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ukirusha sarafu unapata karibu hivyo hivyo.

Ili nisiwe mwongo wa upande mmoja: mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha tafiti nyingi za aina hii akapata majibu sahihi ya asilimia 52.3. Ni zaidi ya nusu, kidogo sana, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo huenda kuna kitu. Lakini kitu kinachowapa watu asilimia mbili juu ya kubahatisha hakiwezi kuwa ndicho kinachomnyima mzee wangu usingizi.

Mimi ni mtu wa programu, sipendi kubishana na jambo linaloweza kupimwa. Rafiki yangu aliniazima kigeuzi chake cha mezani, ambacho bei yake haikuwa mbali na kile cha dukani. Nikakiweka pamoja na adapta ndogo kwenye amplifaya ya baba, kimoja kwenye tundu la CD, kingine kwenye AUX.

Mara ya kwanza tulisikiliza huku tukiviona. Dada yangu hakuchukua hata dakika. "Hiki kikubwa kina besi," akasema. Mimi mwenyewe nilikubaliana naye, na kweli kilikuwa kinatoka kwa nguvu zaidi.

Siri yake ni hii. Kigeuzi cha mezani hutoa volti 2, adapta ndogo hutoa volti 1. Hiyo ni tofauti ya desibeli 6, na sikio la binadamu hupenda kilicho juu kidogo. Hata tofauti ya nusu desibeli, ambayo huitambui kama ongezeko la sauti, utaitaja kwa majina mengine: "tamu", "wazi", "nzito". Ukienda dukani na kifaa cha bei kubwa kikachezwa juu kidogo, umeshauziwa.

Basi nikacheza toni ya hezi 100, nikaweka mita yangu ya umeme kwenye matundu, nikashusha kigeuzi kikubwa hadi vyote viwili vikasoma volti sawa. Nilitumia hezi 100 kwa sababu mita za bei rahisi zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50, na ukizipa toni ya juu sana zinaanza kudanganya. Kisha nikaandika programu ya mistari kumi hivi kwa Python, ya kupanga zamu 16 kwa bahati nasibu. Binamu yangu akakaa nyuma ya pazia akibadilisha. Kanuni ni kwamba ukipata 12 au zaidi kati ya 16, hayo ni matokeo ambayo anayebahatisha tu huyafikia chini ya mara 4 kwa 100. Hapo tungesema unasikia kweli.

Mimi nilipata 9. Dada yangu 7. Mzee alisikiliza zamu sita, kisha akainua mkono.

"Kijana wangu, unaniuliza swali gani hasa? Wimbo ni ule ule."

Nikamwambia hilo ndilo jibu lenyewe.

Mambo yanayosikika kweli

Msinielewe vibaya, sisemi vigeuzi vyote ni sawa. Kuna mambo yanayotofautisha kifaa kimoja na kingine, tena sana. Ila hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi.

La kwanza ni mngurumo. Unachomeka tarakilishi kwenye amplifaya, unasikia "mmmmm" ya chini isiyoisha. Wengi hukimbilia kununua DAC mpya. Kabla hujatoa senti, chomoa chaja ya tarakilishi itumie betri. Mngurumo ukiisha papo hapo, kigeuzi chako hakina kosa. Tarakilishi na amplifaya, au kitu kingine kilichounganishwa nayo kama televisheni, vimeshika waya wa ardhi kupitia njia mbili tofauti, na umeme unazunguka humo. Jaribu kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, tumia kitenganishi kidogo cha waya wa sauti, au kigeuzi kinachopokea waya wa mwanga, maana mwanga haubebi umeme. Tafadhali, usikate pini ya ardhi kwenye plagi! Mngurumo hauui mtu, lakini amplifaya isiyo na ardhi inaweza.

La pili ni adapta ambazo si DAC. Sokoni kuna adapta za USB-C ambazo ndani yake hamna chipu yoyote, ni waya mtupu. Zinategemea simu itoe sauti ya analogi yenyewe kupitia tundu lile, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Namna ya kujua ni rahisi: ichomeke kwenye tarakilishi. Kwenye Linux andika aplay -l, kwenye Windows fungua mipangilio ya sauti. Kifaa kipya kikijitokeza, kuna kigeuzi ndani. Kisipojitokeza, umeshika waya. Ukiweza, fanya jaribio hili dukani kabla pesa haijatoka kwenye M-Pesa.

La tatu ni kiwango cha sauti. Adapta ya Apple iko ya aina mbili. Ile ya Marekani, namba A2049, hutoa volti 1. Ile ya Ulaya, A2155, hutoa nusu volti tu. Zote zinafanya kazi, ila ya Ulaya itakulazimu kuzungusha amplifaya zaidi. Pia kwenye simu nyingi za Android adapta hii hubaki na sauti ya chini hata ukiongeza hadi mwisho, kwa hiyo kama chanzo chako ni Android, tafuta adapta ya kampuni nyingine.

La nne linawahusu wenye televisheni. Televisheni nyingi za siku hizi zina tundu la waya wa mwanga tu, hazina yale matundu mekundu na meupe. Hapo USB haitakusaidia. Unahitaji kisanduku cha kupokea mwanga na kutoa analogi, kama FiiO D03K, na viko vingine vya bei ya chini zaidi. Ukiunganisha ukasikia kimya au mikwaruzo, nenda kwenye mipangilio ya televisheni ubadilishe sauti iwe PCM. Visanduku hivi haviwezi kufungua Dolby. Wengi hudhani kimeharibika wakati kinangoja mtu abadilishe neno moja.

La tano, ambalo kwetu ndilo lililoamua kila kitu, ni umeme kupotea.

Hebu fikiria. Umeme umekwenda saa kumi na moja jioni, umerudi saa moja. Kile kisanduku cha 35,000 kina menyu kwenye kioo cha upana wa vidole viwili, na rimoti yenye vitufe vya ukubwa wa punje za mtama. Baadhi ya visanduku vya aina hii, umeme ukirudi, hulala vikingoja kubonyezwa. Vingine husahau tundu ulilochagua. Kwangu mimi hiyo ni kero ya sekunde tano. Kwa mtu asiyeona maandishi yale, muziki umekwisha mpaka mmoja wetu arudi nyumbani. Biti 32 hazimsaidii kitu hapo.

Kumbe adapta ndogo haina kitufe, haina menyu, haina cha kukumbuka wala kusahau. Ikipata umeme inafanya kazi. Sauti inabaki kwenye kile kitufe kikubwa cha amplifaya ambacho vidole vya mzee vinakijua kwa miaka mingi.

Tulichofunga sebuleni

Nilikuwa na Raspberry Pi 4 iliyokuwa inakaa bure tangu mradi mmoja uishe. Tundu lake la sauti si zuri: halitokani na kigeuzi halisi bali na mipigo ya haraka inayochujwa, na ukisikiliza wimbo wa polepole unasikia mchakato nyuma yake. Hata wenyewe kwenye Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 waliliondoa kabisa. Hapa basi DAC ya nje ilikuwa na kazi ya kweli. Adapta ya Apple ikaingia kwa kiunganishi cha USB, kisha waya wa milimita 3.5 wenye vichwa viwili hadi nyuma ya amplifaya.

Kwa wale wa Linux: adapta ilianza na sauti ya chini, nikaipandisha hadi mwisho kwa alsamixer na kuihifadhi kwa alsactl store. Muziki unachezwa na MPD, inayoanza yenyewe kila mashine inapowaka na kuchanganya nyimbo zote. Kisha kupitia raspi-config nikawasha mfumo wa kusoma tu, ili umeme ukikatika ghafla kadi isiharibike. Niliunganisha pia kitufe kimoja kikubwa: bonyeza mara moja wimbo unasimama au kuendelea, bonyeza kwa muda unaruka kwenda mwingine. Umeme ukirudi, nyimbo zinarudi baada ya kama nusu dakika bila mtu kugusa chochote.

Na pesa? Adapta, kiunganishi na waya, vyote kwa pamoja havikufika bei ya gunia moja.

Sehemu ya pesa iliyosalia tulimpa fundi. Nilipofungua vitambaa vya spika, zile pete za sponji zinazozunguka karatasi zilikuwa zimeoza, ukizigusa zinabaki kidoleni kama makombo ya keki. Hii ni kawaida kwa spika za zamani, sponji huoza yenyewe hata kama hazichezwi. Fundi aliweka pete mpya. Tukazitoa spika kwenye kona, ambako besi ilikuwa inajaa na kufunika maneno, tukazielekeza kwenye kiti anachokaa mzee. Hapo hatukuhitaji programu ya bahati nasibu wala pazia. Dada yangu aliingia kutoka jikoni kuuliza tumenunua nini.

Nikamwekea baba Chemirocha. Kwa msioijua, ni wimbo wa Kipsigis uliorekodiwa na Hugh Tracey huko Kapkatet mwaka 1950, wasichana wakiimba. Jina lenyewe limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika hadi kwenye vijiji vyetu. Zaidi ya miaka 60 baadaye rekodi zile zilirudishwa kwa wenyewe. Mvumo wa rekodi uko pale pale, hakuna kigeuzi duniani kitakachouondoa. Ila sauti za wale wasichana zilisimama katikati ya spika mbili, kila moja mahali pake. Mzee aliusikiliza hadi mwisho, akauliza kama tunao mwingine wa namna hiyo.

Basi ununue ipi?

Kwa ufupi, kwa wale wanaopenda kuruka hadi chini:

1. Kama unasikiliza kwa simu au tarakilishi na hakuna mngurumo wala mchakato, usinunue kitu. Chukua waya, unganisha, sikiliza.

2. Kama tundu la tarakilishi lina kelele au halipo, anza na adapta ndogo ya USB yenye kigeuzi ndani. Hakikisha kigeuzi kimo kwa jaribio la hapo juu.

3. Kama chanzo ni televisheni, kisanduku cha waya wa mwanga, na televisheni iwe kwenye PCM.

4. Kama una vyanzo vitatu vinne, au unatumia spika za masikioni nzito zinazohitaji nguvu, kigeuzi cha mezani cha dola 100 hivi kina maana. Unalipia matundu na nguvu. Kumbuka kuongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hujafurahia bei ya mtandaoni.

5. Zaidi ya hapo, pesa ikiwa bado ipo, ipeleke kwenye spika. Kisha kwenye nafasi ya spika, ambayo ni bure.

6. Na kabla ya yote, muulize atakayekitumia kila siku: anakiwasha vipi, anaongeza sauti vipi, na umeme ukipotea inakuwaje? Kama hawezi kujibu bila wewe kuwepo, hicho kifaa si chake, ni chako.

Kuna msomaji aliniuliza kuhusu Bluetooth na zile njia zake za kubana sauti. Hilo ni somo refu lenye mitego yake, nitaliandika likiwa peke yake Mungu akipenda. Kwa wenye kaseti ambazo hawajazihamisha: msingoje deki ife. Kigeuzi utapata hata mwakani, tena kwa bei ya chini zaidi. Kaseti iliyotafunwa hairudi.

Kwa leo niishie hapa. Mbaki salama.